Silinda ya Tatu ya Shangazi

Jumatatu, 1 Mei

Daftari hili nimelinunua kwa ajili ya gari: oili imebadilishwa lini, tairi lipi limekwisha, plagi zina umri gani. Nimeandika mstari mmoja wa oili na tayari naandika mengine. Sina mtu wa kumwambia, na mikono yangu haijui kukaa bure.

Gari tunaliita Shangazi. Lilikuwa la shangazi yangu Alfhild, aliyeliendesha miaka thelathini kwenda dukani na kanisani tu, akanikabidhi funguo siku alipohamia nyumba ya wazee. Tangu Januari mimi na binti yangu Tuva tumeling'oa viti, vioo na mazulia, tukachomelea fremu ya mabomba ndani ili likibiringika lisimponde dereva. Wiki ijayo Tuva ataliingiza kwenye mbio za kokoto.

Kwa nini Januari? Oktoba Tuva alirudi kutoka chuoni Uppsala, akapanda chumbani kwake, akalala. Ana miaka ishirini na moja. Miezi mitatu nilimpandishia chakula kwa sinia, na daktari akasema tumpe muda. Siku moja nilikuwa gerejini nahangaika na kiti cha Shangazi, nikageuka nikamkuta amesimama mlangoni na soksi, juu ya barafu. Akauliza, "Unafanya nini?" Lilikuwa swali lake la kwanza tangu arudi. Tangu siku hiyo hajalala mchana hata mara moja.

Kwa hiyo nikisema naogopa kulipoteza gari hili, mtu asidhani ninalilia mabati. Na kulipoteza ni rahisi mno. Kanuni ya mbio hizi kila mtu huku anaijua: gari lililoshindana liko sokoni siku hiyohiyo, kwa bei moja iliyopangwa na chama cha mbio. Yeyote mwenye leseni ya mbio anatumbukiza karatasi yenye jina lake sandukuni na kulinunua. Wakiwa wengi inapigwa kura. Ukikataa kuuza, wewe ndiye unayepokonywa leseni. Iliwekwa ili wenye fedha wasijenge magari ya kutisha. Ukilitengeneza lako vizuri kupita kiasi, linaondoka mbele ya macho yako.

Jumamosi, 13 Mei

Mbio za kwanza. Asubuhi baridi, kokoto zimelowa. Raundi ya kwanza Tuva aliondoka kama aliyechomwa sindano, akamaliza wa pili kati ya magari sita. Nilipiga kelele mpaka koo likaniwasha. Raundi ya pili, gari likiwa limeshapata moto, likaanza kumisi. Likakohoa, likapoteza nguvu kwenye kona, akawa wa tano.

Hakuna aliyeweka karatasi kwa Shangazi. Nilikwenda kulichungulia lile sanduku mara nne.

Östen alinikuta huko. Huyu ni jirani yetu wa ng'ambo ya shamba, dereva mstaafu wa lori la maziwa, na amenunua magari ya watu mengi kuliko niliyowahi kuyaosha. Alikuwa anatafuna soseji.

"Gunhild jirani," akasema, "huyu Shangazi wako angekuwa na miguu yote minne, karatasi yangu ingekuwa ya kwanza humo."

"Karatasi yako peleka chooni, itakufaa zaidi."

Akacheka huku haradali ikimdondokea kifuani. Simpendi. Anayatazama magari ya wenzake kama mtu anayechagua kuku.

Jumapili, 14 Mei

Mvua. Nimefua vitu ambavyo havikuwa vichafu.

Alhamisi, 18 Mei

Sikukuu ya Kupaa. Kiwanda cha mbao kimefungwa, nami, fundi umeme wake, sina la kutengeneza. Tuva amekwenda kwa baiskeli kumtembelea Alfhild. Nikalisukuma gari uani nikaliwasha.

Lilinguruma vizuri dakika kumi. Feni ilipoanza tu kuzunguka, likaanza kumisi. Nikachukua koleo lenye mpira nikawa nachomoa waya za plagi moja moja. Ya kwanza, mlio ukashuka. Ya pili, ukashuka. Ya nne, ukashuka. Ya tatu, hakuna mabadiliko yoyote. Basi silinda ya tatu ndiyo iliyokuwa imekufa, gari linatembea na tatu.

Plagi yake nikaifungua: inatoa cheche, lakini kavu kabisa. Petroli haifiki. Nikaweka ncha ya bisibisi juu ya nozeli na mpini sikioni. Nozeli nyingine tatu zinagonga, tik tik tik, kila moja ikifunguka na kunyunyiza. Ya tatu kimya. Nikachomoa soketi yake na kuweka taa ya kupimia. Umeme wa betri unafika upande mmoja. Upande wa pili, ule ambao kompyuta ya gari inatumia kuiamuru nozeli ifunguke, hakuna kitu. Amri inatoka, inapotelea njiani.

Nikaufuata ule waya kwa vidole, nyuma ya injini, mpaka pale fungu la nyaya linapopita juu ya kipande cha chuma. Nikaminya: tik tik tik. Nikaachia: kimya. Nikafungua tepu ya zamani. Waya kwa nje ni mzima, lakini ndani shaba imekatika. Injini ikiwa baridi ncha zinagusana. Ikipata moto zinaachana.

Kazi ya dakika ishirini. Kukata, kuunga kwa risasi ya kuyeyusha, kuvika kimpira, kuusogeza mbali na kile chuma. Vifaa vyote vilikuwa mezani. Nikasimama na koleo mkononi, na maneno ya yule mla soseji yakanijia: angekuwa na miguu yote minne.

Nikaufunga waya kwa tepu kama ulivyokuwa. Nitaurekebisha kesho.

Ijumaa, 19 Mei

Sikuurekebisha.

Jumamosi, 20 Mei

Wala leo. Wacha niandike ukweli, maana hakuna anayesoma daftari la oili. Shangazi akiwa mzima, Tuva atashinda. Akishinda, gari litanunuliwa. Likinunuliwa, gereji inabaki tupu, na mwanangu anapanda ngazi anafunga mlango. Gari linalokohoa hakuna anayelitaka. Naliacha likohoe. Msimu mmoja tu, apate nguvu. Kuna ubaya gani?

Nimeandika sentensi hiyo ya mwisho mara mbili na mara mbili nimeifuta.

Jumamosi, 3 Juni

Mbio za pili. Wa nne, wa sita. Tulipofungua boneti Tuva aliniuliza, "Mama, hii ni nini?" Nikamjibu, "Petroli chafu, labda." Sikuamini jinsi jibu hilo lilivyonitoka kirahisi.

Sandukuni hakuna karatasi ya Shangazi. Nilifurahi, halafu nikaona aibu, halafu nikanunua kahawa mbili na zote mbili nikazinywa mwenyewe.

Ijumaa, 9 Juni

Tuva amebadilisha chujio la petroli. Amesafisha tangi. Amepiga simu kwa watu wanane kutafuta pampu iliyotumika, yeye ambaye mwezi wa kumi na mbili alikuwa anaficha simu chini ya mto isilie. Amepata. Ameifunga mwenyewe.

Gari linamisi vilevile. Akaniambia, "Sawa. Si pampu," akaandika kwenye ukuta wa gereji kwa chaki: PAMPU SIYO. Juu yake kuna PLAGI SIYO na CHUJIO SIYO. Nikaenda kukata nyasi. Nyasi zilikuwa fupi.

Ijumaa, 23 Juni

Mkesha wa sikukuu ya kiangazi. Mvua, kama ada. Kijiji kizima kiko uwanjani kinazunguka mlingoti wa majani na maua kikirukaruka kama vyura, na mimi nimechemsha viazi vipya na kuweka samaki wa siki mezani kwa watu wawili. Mtu wa pili hakuja. Yuko gerejini.

Nikampelekea sahani. Alikuwa amezitoa nozeli zote nne na kuzipanga juu ya gazeti.

"Nimefanya hivi," akasema. "Ya tatu nimeiweka ya kwanza, ya kwanza nimeiweka ya tatu. Halafu nimeliwasha mpaka lipate moto. Unadhani imekufa ipi?"

"Ya kwanza?" nikasema, nikamsogezea sahani.

"Ya tatu. Bado ya tatu. Kwa hiyo nozeli ni nzima, mama. Ungekuwa ugonjwa wa nozeli ungehama nayo. Kinachoumwa ni pale mahali." Akanyofoa kiazi kwa vidole vyenye petroli akakila hivyohivyo. "Na wewe nani alikufundisha kufikiri hivi?"

"Baba yangu. Na umeme wenyewe."

"Basi na mimi nimefundishwa na wewe," akasema mdomo ukiwa umejaa.

Hayo ndiyo maneno niliyokuwa nayangoja tangu azaliwe, na nilipoyapata nikaondoka nayo haraka kama kibaka. Nikasema nimeacha jiko linawaka.

Jumamosi, 24 Juni

Nimeosha madirisha yote. Ya juu pia.

Jumamosi, 8 Julai

Leo imetokea.

Jua kali tangu asubuhi, kwa hiyo Shangazi alipata moto mapema, na raundi ya kwanza tu silinda ya tatu ikafa. Tuva wa mwisho. Raundi ya pili wa mwisho. Raundi ya tatu gari la nyuma lilimsukuma kwenye kona kwa sababu hakuwa na nguvu ya kutoka, akazunguka, akabaki ametazama nyuma huku wenzake wanampita wanamrushia kokoto. Watu walicheka. Si kwa ubaya, hivyo ndivyo watu wanavyocheka huku, lakini walicheka.

Aliliingiza gari eneo letu, akazima, hakushuka. Nikaenda dirishani. Alikuwa bado na helmeti.

"Ni mimi," akasema.

"Si wewe. Gari linamisi."

"Magari yote yanamisi, mama. Wenzangu wanayaendesha hivyohivyo." Sauti ilikuwa ileile ya Oktoba, ya chini, isiyo na haraka. "Kila ninachokigusa kinaanza vizuri, halafu kinanifia mkononi. Chuo kilikuwa hivyohivyo. Mimi ndiye."

Nilikuwa na dawa. Ilikuwa hapo, sentimita sabini kutoka kwenye goti lake, chini ya tepu. Maneno yalinifika kwenye meno kabisa. Nikasema, "Umechoka. Twende nyumbani ule."

Alipofika alipanda ngazi akafunga mlango.

Jumapili, 9 Julai

Hajashuka.

Jumatatu, 10 Julai

Hajashuka. Nimemwekea sinia mlangoni kabla ya kwenda kiwandani. Niliporudi ilikuwa palepale, maziwa ya mgando yameota ngozi juu.

Nilitaka kulinda kitu kimoja tu duniani, nikakivunja kwa mikono yangu, tena kwa makusudi, tena kwa ustadi. Nimekwenda gerejini nikashika koleo niuunge ule waya. Nikawaza, akiniuliza nimeujuaje leo leo, nitasemaje? Nikaliweka koleo chini. Mwoga ni mimi. Wala sitaki kulipamba neno hilo.

Jumanne, 11 Julai

Saa kumi jioni Östen kaja na trekta, akalizima chini ya dirisha la Tuva. Nilidhani amekuja kulichungulia gari. Nikatoka na ufagio.

Hakunisalimu. Akainua uso akaita, "Tuva! We Tuva!"

Kimya.

"Basi sikiliza huko ulipo. Jumamosi nilikuwa nyuma yako raundi mbili, mpaka gari lilipokufa. Njia yako ya kuingia kona ni safi kuliko yangu, na mimi naendesha tangu kabla mama yako hajajua kufunga viatu. Gari lako linakufa likipata moto. Kila mara, palepale, baada ya dakika ileile. Dereva mbovu hana saa namna hiyo. Huo ni umeme."

Dirisha likafunguka kidogo. "Kwa nini umeme?"

"Kwa sababu petroli haiangalii saa. Shuka, nimekuletea taa yangu ya kupimia. Na mke wangu kakupa mikate ya mdalasini, mitatu, miwili nimeshakula."

Akashuka. Nywele zimesimama, mashavu yana alama za mto, lakini akashuka. Wakaenda gerejini wawili wao. Mimi nikabaki uani na ufagio, nikimwonea wivu mtu niliyekuwa namwita mwizi. Alifanya kwa maneno machache kile nilichoshindwa siku tatu, na alichotumia ni ukweli tu.

Alhamisi, 13 Julai

Mbu. Joto. Ukutani pameongezeka: NOZELI SIYO. RELEI SIYO. FYUZI SIYO.

Jumatatu, 17 Julai

Nimeificha mita yangu ya kupimia umeme. Tuva aliiulizia, nikamwambia nimeiacha kiwandani. Iko chini ya kitanda changu, naihisi hapo nikijilaza. Baada ya saa mbili alirudi na mita ya Östen.

Jumanne, 18 Julai

Nimemwambia, "Angalia kompyuta ya gari, huenda imeungua." Akanitazama. "Ikiungua haiponi ikipoa, mama." Kweli tupu. Nilimfundisha mimi.

Jumamosi, 22 Julai

Nilikuwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikijifanya napanga spana. Gari linanguruma, feni inazunguka. Tuva ameinama chini ya boneti, taa ya Östen imechomekwa kwenye soketi ya silinda ya tatu, anaipitisha mikono kwenye fungu la nyaya polepole, anakunja, anaminya, anasogea kidole kimoja, anakunja tena. Taa imezimika. Nilijua amebakiza sentimita ngapi. Ningeweza kuzihesabu kwa sauti.

Taa ikaanza kumetameta.

Akaachia, ikazima. Akaminya, ikameta. Akaachia, akaminya. Alicheka peke yake, kicheko kidogo cha mtu aliyeokota kitu barabarani. "Nimekupata," akasema. Akaenda kuzima gari, akachukua kisu, akaanza kufungua tepu.

Kicheko kikakatika.

"Mama," akasema bila kuinua kichwa. "Fungu zima hili lina tepu ya miaka thelathini. Inapukutika. Hapa peke yake ni mpya."

Nikaweka spana chini.

"Ni ya kijani. Ya kiwandani kwenu."

Aliinuka. Akaifuta mikono kwenye suruali. "Uliifungua lini?"

"Mei."

"Tarehe?"

"Kumi na nane. Sikukuu. Ulikuwa kwa Alfhild."

Nikaona anahesabu. Mbio mbili. Pampu, chujio, tangi. Siku tatu kitandani. Zilimpita usoni moja baada ya nyingine.

"Ulinisikia pale kwenye gari," akasema. "Niliposema ni mimi. Ulikuwa umesimama pale pale."

"Nilitaka lisinunuliwe."

"Lisinunuliwe gari, au nisiondoke mimi?"

"Vyote viwili." Hapo tena sikuwa na uongo uliobaki. "Niliogopa gereji ikiwa tupu utarudi kitandani. Niliogopa, Tuva. Bado naogopa. Nisamehe, mwanangu."

Halafu akasema, bila ukali, na ningependa angekuwa mkali: "Ulidhani gari ndilo lililoniinua?"

Hakungoja jibu. Akageukia injini, akaukata waya pande zote mbili za ule mvunjiko, akapimisha kipande kipya, akauunga kwa risasi, safi, bila donge, akavika kimpira na kukipasha mpaka kikabana. Alinyoosha mkono upande wangu. Nikadhani anataka koleo, nikampa. Hakutaka koleo. Alitaka nisogee, nilikuwa namzibia mwanga.

Akauhamishia waya mbali na kile chuma, akaufunga, akaliwasha gari, akaliacha dakika ishirini kwa saa ya ukutani. Silinda nne. Halikutetereka hata kidogo. Akazima, akachukua chaki, akaandika WAYA. Akaenda kuoga.

Jumapili, 23 Julai

"Nipitishie chumvi." Ndiyo mazungumzo yetu ya leo yote.

Jumamosi, 5 Agosti

Mbio zimeahirishwa, uwanja umekuwa bwawa. Siku ya tisa ya mvua. Tuva yuko kwa Östen, anamsaidia kufunga breki. Mita nimeitoa chini ya kitanda nikaiweka mezani. Aliipita bila kuigusa.

Alhamisi, 17 Agosti

Östen kafungua kopo la samaki waliochacha, harufu imevuka shamba lote mpaka kwenye mapazia yangu. Tulialikwa. Tuva alikaa upande wa pili wa meza, akacheka na mke wa Östen. Östen akanisukumia sahani ya viazi akasema chini chini, "Mpe muda, jirani." Anajua, basi. Nilingoja kejeli. Haikuja.

Jumamosi, 26 Agosti

Mbio za mwisho za msimu. Nilimuuliza kama niende. Akasema, "Njoo ukitaka." Nikaenda, nikakaa mbali na gari.

Raundi ya kwanza, wa kwanza. Ya pili, wa kwanza. Ya tatu gari lilikuwa na moto wa kutosha kukaanga mayai, nami nilikuwa nimefumba macho, nasikiliza tu. Silinda nne, nne, nne, njia nzima. Fainali alimpita Östen kwenye kona ya mwisho kwa upande wa ndani, pale ambapo hakuna nafasi, akashinda kwa nusu gari. Sikupiga kelele. Nilikuwa nalia na sikutaka watu wanione.

Karatasi za Shangazi sandukuni zilikuwa kumi na moja. Mtangazaji alizisoma kwenye kipaza sauti, na baada ya kila jina Tuva alitikisa kichwa kidogo kama anayepokea salamu. Östen hakuwemo. Nilimuuliza, akasema, "Mimi napenda magari, Gunhild, lakini nakaa jirani na ninyi." Kura ikamwangukia msichana wa miaka kumi na sita kutoka Edsbyn, aliyekuja na babu yake. Tuva alimpa funguo, akafungua boneti, akamwonyesha ule waya. "Hapa nimepaunga mimi. Ukiona linamisi, anza kwingine." Wakalipakia kwenye trela. Nililitazama mpaka likapinda barabarani. Yeye hakulitazama, alikuwa ameshaondoka.

Nikamtafuta pale kwenye choo, kwenye kibanda cha soseji, kwenye gari letu. Nilikuwa namwona tayari ngazini, mkono kwenye kitasa.

Nilimkuta kwenye sanduku. Alikuwa ametumbukiza karatasi yake, moja, kwa gari la kijivu lililomaliza la mwisho fainali ndogo. Lilikuwa linatoa moshi na linacheza kama mtu mwenye homa. Hakuna mwingine aliyelitaka.

"Hilo?" nikasema. "Tuva, hilo ni maiti."

"Silinda ya pili haifanyi kazi. Nimeisikia kutoka jukwaani." Macho yalikuwa yanawaka. Halafu akanigeukia na kusema taratibu, kwa upole, kama mtu aliyeyapanga maneno yake mapema: "Nitalifungulia kwa Östen, mama. Si kwako. Hili nataka nilijue lote mwenyewe."

Nikasema sawa. Niliweza kusema hilo, na nikamsaidia kufunga kamba ya kulivuta.

Jumapili, 27 Agosti

Niliamka saa kumi na mbili nikapanda ngazi kwa vidole. Mlango wazi. Kitanda kimetandikwa, dirisha limefunguliwa, buti hazipo. Nilikaa kwenye kile kitanda dakika chache. Kisha nikaona siwezi kukaa, nikashuka kufagia gereji. Hakukuwa na kitu cha kufagia.

Jumatano, 30 Agosti

Zamu ndefu kiwandani, mkanda wa kusafirishia magogo umekwama mara tatu. Jioni Tuva alikula, akasema, "Si nozeli," akaondoka. Nilitaka kuuliza amejuaje. Nilijaza maji mdomoni nisiulize.

Jumamosi, 2 Septemba

Asubuhi ukungu, mchana jua. Nilikuwa naosha vyombo na dirisha la jikoni liko wazi. Ng'ambo ya shamba, ghalani kwa Östen, gari likawashwa. Linamisi. Silinda tatu na pengo, tatu na pengo, mlio wa mtu anayechechemea. Nikafunga bomba ili nisikie vizuri. Likazimwa. Kimya cha robo saa hivi, sikuangalia saa, nilikuwa nimeshika sahani. Likawashwa tena. Tatu na pengo. Likaendelea hivyo, halafu katikati ya mlio, bila kuzimwa, pengo likajaa. Nne.

Nikasikia mtu anacheka kule, na sauti ya Östen, na mlango wa ghala unasukumwa. Gari likaachwa lingurume, dakika kumi, kumi na tano, mpaka lipate moto, kama inavyotakiwa. Halikuyumba. Nilisikiliza mpaka likazimwa, nikafungua bomba, nikamaliza vyombo.